Maisha ya Bibi Margaret Haley, Mtetezi wa Walimu wa Chicago

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika kurasa za magazeti ya shule tumezoea kusoma maisha ya wafalme, ya wasafiri waliovuka bahari, na ya mabingwa waliovumbua dawa na mitambo. Ni vema kuyasoma. Lakini ni mara chache sana kusoma maisha ya mwalimu wa shule ya msingi, ingawa mabingwa wengi walishikwa mkono na mwalimu wa namna hiyo siku walipoanza kujua a, e, i, o, u. Kwa hiyo muhula huu nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu habari za mwanamke mmoja, mwalimu wa darasa la sita katika mtaa wa watu maskini, aliyeuliza swali ambalo wakubwa wa mji wake hawakupenda kuulizwa. Swali lenyewe lilikuwa hili: kama fedha za shule hazipo, je, zimekwenda wapi?

Margaret Haley alizaliwa tarehe 15 Novemba, 1861, mjini Joliet, katika jimbo la Illinois, nchi ya Marekani. Jamaa zake walikuwa wa asili ya Ayalandi, watu wa kazi ngumu. Baba yake alishughulika na kazi ya machimbo ya mawe, na biashara hiyo ilipoharibika, binti yake hakuwa na budi kutafuta kazi. Akaanza kufundisha katika shule ndogo ya shamba akiwa na umri wa miaka 16 tu. Umri huo ni pungufu ya umri wangu mimi niandikaye habari hizi, na kila nikiufikiri nashangaa jinsi alivyothubutu kusimama mbele ya watoto, wengine wakiwa karibu marika yake.

Lakini hakuridhika na elimu aliyokuwa nayo. Alikwenda kusoma katika chuo cha walimu cha jimbo la Illinois, na huko akakutana na mafundisho ya Henry George juu ya ardhi, mali na kodi. Baadaye akaingia katika chuo cha walimu cha wilaya ya Cook, karibu na Chicago, kilichoongozwa na Francis Parker. Bwana Parker hakupenda watoto wafundishwe kama kasuku. Alitaka watazame, wapime, wachore, waulize, na mwalimu amjue kila mtoto kwa tabia yake na akili yake. Haya mambo mawili, yaani elimu ya kodi na elimu ya mtoto, yalikaa moyoni mwa Bibi Haley, na baadaye yote mawili yalimfaa.

Mwaka 1884 hivi alianza kufundisha katika shule iliyoitwa Hendricks, upande wa kusini wa Chicago. Yafaa nieleze mahali hapo palivyokuwa. Tangu mwaka 1865 palikuwa na mazizi makubwa sana ya mifugo, na kando yake machinjio na viwanda vya nyama. Ng'ombe, nguruwe na kondoo waliletwa kwa magari ya moshi kutoka mbali, wakachinjwa, na nyama yake ikapelekwa miji mingi. Taka za machinjio zilimwagwa katika tawi moja la mto, hata maji yakatoa mapovu na uvundo ukajaa mtaani. Wafanya kazi wengi walikuwa wageni waliotoka Ulaya: watu wa Ayalandi, Wajerumani, Wapolandi na wengineo. Mishahara yao ilikuwa midogo na nyumba zao zilisongamana. Watoto wengi waliingia shuleni bila kujua Kiingereza, na wengi waliondoka shuleni mapema wakaenda kazini ili kuongeza chakula cha nyumbani.

Katika shule hiyo Bibi Haley alifundisha darasa la sita kwa miaka ipatayo 16. Katika madarasa ya namna hiyo watoto walikuwa kati ya 40 na 60 mbele ya mwalimu mmoja. Kwa wengi wa watoto wake, hilo ndilo lilikuwa darasa la mwisho maishani. Fikirini basi taabu yake. Chuoni amefundishwa kumjua kila mtoto. Darasani hawezi hata kusahihisha madaftari yote kabla ya giza kuingia. Hapo ndipo alipoanza kuona kwamba hali ya kazi ya mwalimu na hali ya masomo ya mtoto si mambo mawili mbalimbali. Mwalimu akilemewa, mtoto ndiye anayepungukiwa, na mtoto wa maskini hupungukiwa kwanza, maana nyumbani hana vitabu wala mtu wa kumfundisha.

Na mshahara je? Mwalimu wa shule ya msingi alianza kwa dola 500 kwa mwaka, na hata akifundisha miaka mingi hakuweza kupita dola 825. Kiwango hicho kilikuwa hakijapandishwa kwa karibu miaka 20. Karibu walimu wote wa shule za msingi walikuwa wanawake, na wanawake wa Illinois siku hizo hawakuwa na kura ya kuchagua meya wala wabunge. Mwalimu aliyenung'unika aliambiwa kuwa ualimu ni wito, na ya kwamba haipendezi mwanamke mwenye heshima kudai fedha. Maneno hayo yalikuwa matamu masikioni, lakini hayakulipa kodi ya nyumba.

Mwaka 1895 jimbo lilitunga sheria ya kuwapa walimu wa Chicago pensheni, na sehemu ya mshahara wao ikakatwa kwa ajili hiyo. Muda si mrefu wakatokea watu waliotaka kuivunja sheria hiyo. Basi mwezi Machi, 1897, walimu wa shule za msingi wakakusanyika wakaunda Shirikisho la Walimu wa Chicago. Baada ya miaka michache zaidi ya nusu ya walimu wa shule za msingi wa mji walikuwa wanachama. Viongozi wake wawili waliojulikana sana walikuwa Catharine Goggin na Margaret Haley. Bibi Goggin alikuwa mtu mpole mwenye busara. Bibi Haley alikuwa mfupi wa kimo, mwepesi wa maneno, tena hachoki. Walifaana kama uzi na sindano.

Mwaka 1898 walimu walifaulu kupata ahadi ya nyongeza. Mshahara wa juu ungepanda hatua kwa hatua mpaka dola 1,000. Walimu wakafurahi. Lakini nyongeza ya kwanza ilipokwisha kulipwa, Halmashauri ya Elimu ikatangaza kwamba hazina ni tupu, na nyongeza zilizobaki zikafutwa. Wengi wangalilia kidogo, kisha wakanyamaza. Bibi Haley na Bibi Goggin hawakunyamaza. Mwanzoni mwa mwaka 1900 wakaacha madarasa yao, chama kikawalipa, nao wakaanza kuchunguza vitabu vya kodi vya mji na vya jimbo. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wao waliinama juu ya vitabu vile kwa miezi mingi.

Waliyoyaona yalikuwa ya ajabu. Kampuni kubwa za gesi, umeme, simu na tramu zilikuwa zimepewa vibali vya kutumia barabara za mji. Vibali hivyo vilikuwa mali yenye thamani ya mamilioni ya dola, na kwa sheria ya Illinois mali hiyo ilipaswa kutozwa kodi kama nyumba ya mtu au duka lake. Lakini bodi ya jimbo iliyopewa kazi ya kukadiria kodi haikuitoza. Mwashi mwenye nyumba ya vyumba viwili alilipa. Kampuni yenye nguzo na reli katika kila mtaa haikulipa kwa thamani ya kibali chake. Hapo ndipo fedha za shule zilipokuwa zimejificha.

Walimu wakaishitaki bodi hiyo mahakamani, ili ilazimishwe kufanya kazi yake. Mnamo Oktoba, 1901, Mahakama Kuu ya Illinois ikaamua kwamba walimu wana haki, na kampuni lazima zitozwe. Kampuni zikakimbilia mahakama za serikali ya taifa, na huko kodi ikapunguzwa sana. Hata hivyo mwaka 1902 zikatoka karibu dola 600,000, na katika hizo karibu dola 250,000 zikaingia katika Halmashauri ya Elimu. Walimu wa kike wa shule za msingi, wasio na kura, walikuwa wameuletea mji fedha ambazo wanaume wenye vyeo hawakuzitafuta.

Sasa ungedhani kwamba Halmashauri iliwalipa walimu nyongeza yao. Sivyo. Halmashauri ilizitumia fedha hizo kulipia makaa ya mawe na kutengeneza majengo. Ikambidi Bibi Haley arudi mahakamani mara ya pili, safari hii kuishitaki Halmashauri yenyewe. Mwaka 1904 Jaji Edward Dunne aliamua kwamba fedha zile ni haki ya walimu. Mwaka uliofuata Jaji huyo alichaguliwa kuwa meya wa Chicago. Mimi naona jambo hili la pili ni kubwa kuliko lile la kwanza. Wengi wanaweza kushinda mara moja. Ni wachache wanaoweza kusimama tena wanaponyang'anywa ushindi wao.

Katika mapigano hayo Bibi Haley alijifunza kwamba mtu asiye na kura hana budi kutafuta marafiki wenye kura. Kwa hiyo mnamo Novemba, 1902, Shirikisho la Walimu likajiunga na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Chicago. Watu wengi wakashtuka. Yawezekanaje mwalimu, mtu wa kalamu na vitabu, kukaa meza moja na waashi, makuli na wachinja nyama? Jibu la Bibi Haley lilikuwa rahisi: hao waashi na wachinja nyama ndio baba za watoto anaowafundisha. Wao walitaka shule njema kwa watoto wao, na walimu walitaka watoto hao wasitoe jasho viwandani kabla ya umri wao. Pamoja walisaidia kupatikana sheria ya jimbo ya mwaka 1903 iliyokaza masharti ya kuwaajiri watoto.

Mwaka 1904 alipanda jukwaani mjini St. Louis mbele ya mkutano wa Chama cha Taifa cha Elimu. Chama hicho kiliongozwa na wakuu wa vyuo na wasimamizi wa shule, na walimu wa kawaida walitazamiwa kusikiliza tu. Bibi Haley aliwaeleza mizigo minne inayomzuia mwalimu asifanye kazi yake vizuri. Wa kwanza ni mshahara usiotosha, hali gharama za maisha zinapanda. Wa pili ni kutokuwa na hakika ya kazi wala ya maisha ya uzeeni. Wa tatu ni madarasa yaliyojaa kupita kiasi, yanayomchosha mwalimu mwili na akili. Wa nne ni kutotambuliwa kuwa yeye ni mlezi mwenye akili yake, bali kufanywa kama mashine ya kiwandani inayotekeleza amri zilizotungwa na watu wasioingia darasani. Alionya pia kwamba mwalimu asiye na uhuru hawezi kulea watoto watakaokuwa raia huru.

Kwa huo mzigo wa nne alipata msaidizi mkubwa. Mwaka 1909 Ella Flagg Young aliteuliwa kuwa msimamizi mkuu wa shule za Chicago, mwanamke wa kwanza kuongoza shule za mji mkubwa wa Marekani. Bibi Young alikuwa mwalimu tangu ujana wake, na aliamini kwamba walimu wapewe mabaraza yao ya kuzungumza juu ya vitabu, masomo na taratibu za shule, na kwamba msimamizi ayasikilize. Mwaka 1910 Bibi Haley na wenzake wakamsaidia kuchaguliwa rais wa Chama cha Taifa cha Elimu, naye akawa mwanamke wa kwanza kukishika cheo hicho. Mwaka 1913 wanawake wa Illinois wakapata haki ya kupiga kura katika chaguzi za miji na katika uchaguzi wa Rais. Hata hiyo Bibi Haley alikuwa ameipigania.

Lakini nisiwadanganye wasomaji kwamba maisha yake yalikuwa ushindi mtupu. Mwaka 1915 Halmashauri ya Elimu, ikiongozwa na Jacob Loeb, ilitunga amri ya kuwakataza walimu kuwa wanachama wa chama kilichojiunga na vyama vya wafanya kazi. Mwezi Januari, 1916, Bibi Goggin aligongwa na lori akafa, na Bibi Haley akabaki bila rafiki yake wa miaka yote. Mwezi Aprili mwaka huo huo walimu wa Chicago na wa miji mingine wakaunda Shirikisho la Walimu la Marekani, na chama cha Chicago kikapewa namba 1. Muda si mrefu, mwezi Juni, Halmashauri ikakataa kuwaajiri tena walimu 68, na wengi wao walikuwa wamehesabiwa kuwa walimu wazuri. Mahakama Kuu ya Illinois ikaamua mwaka 1917 kwamba Halmashauri ina uwezo wa kufanya hivyo.

Bibi Haley alikuwa na njia mbili. Angeweza kushikilia chama chake na kuwaacha wale walimu njaani, au kuinama ili warudi kazini. Akainama. Shirikisho la Walimu wa Chicago likajitoa katika vyama vya wafanya kazi na katika lile Shirikisho jipya la taifa, na walimu wakarudishwa. Mwaka huo huo wa 1917 ikapatikana sheria iliyosema kwamba mwalimu akimaliza miaka mitatu ya majaribio hawezi kufukuzwa bila sababu na bila kusikilizwa. Basi katika kushindwa kwake walimu walipata ule mlinzi waliokuwa wakimtafuta kwa miaka 20.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Katika miaka ya 1920 alipigana na msimamizi William McAndrew, aliyeyavunja mabaraza ya walimu. Kisha ikaja shida kubwa ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Walimu wa Chicago wakakaa miezi mingi bila mshahara, na mara nyingine wakalipwa kwa vyeti badala ya fedha. Mwezi Aprili, 1933, maelfu ya walimu waliandamana mpaka kwenye mabenki ya mji. Lakini wakati huo sauti ya Bibi Haley ilikuwa imepungua. Alikuwa mzee mwenye kushika neno lake mno, na hakupenda kuungana na vyama vingine vya walimu vilivyokwisha kuota mjini. Mwaka 1937 vyama hivyo vikaungana kuwa Chama cha Walimu wa Chicago, na chama chake hakikuwamo. Hii ni kasoro yake, nami siifichi. Yeye aliyewafundisha watu umoja, siku za mwisho alishindwa kuungana. Alifariki tarehe 5 Januari, 1939, akiwa na umri wa miaka 77. Kitabu cha maisha yake alichokiacha kilichapishwa mwaka 1982.

Je, kazi yake ilikwisha? Walimu wa Chicago waligoma mwaka 2012, na tena mwaka 2019 kwa siku 11 za masomo. Katika mgomo huo wa 2019 hawakudai mshahara peke yake. Walitaka madarasa yasijae mno, na kila shule iwe na mwuguzi na mtu wa kuwasaidia watoto wenye shida za nyumbani, na mkataba uliofuata uliwaahidi mambo hayo. Ukisikiliza vizuri utaisikia ile mizigo minne ya St. Louis, ikisemwa na wajukuu.

Ndugu wanafunzi, wengi wetu katika Kidato cha Nne tukiulizwa tunataka kuwa nani, twasema daktari, mhandisi, rubani. Akisema mmoja kwamba anataka kuwa mwalimu, wenzake humcheka, kana kwamba ualimu ni kazi ya mtu aliyekosa kazi nyingine. Kisha jioni ile ile twaulalamikia muhula uliopita bila mwalimu wa hesabu. Hatuoni kwamba kicheko chetu na upungufu ule ni ndugu wa tumbo moja. Kazi isiyoheshimiwa hukimbiwa, na anayebaki nayo hubebeshwa mzigo wa wawili.

Na wazazi wetu nawaomba jambo dogo. Mtakapokuja siku ya wazazi, msiulize tu mtoto wenu amekuwa wa ngapi. Ulizeni pia mwalimu wake ana wanafunzi wangapi, ana vipindi vingapi kwa wiki, anakaa wapi, na anasahihishia madaftari kwa taa gani. Mkisikia kwamba fedha za kumsaidia hazipo, msiondoke. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni, kama alivyouliza yule mwalimu wa darasa la sita katika mtaa wa machinjio.